Maswali ya Wasomaji: Natetemeka chini ya maji mpaka meno yanagongana, nifanyeje?

Safari hii nimeweka maswali mengine yote pembeni kwa sababu barua za baridi zimekuwa nyingi, na karibu zote zimetoka kwa watu walioanza kudaivu juzijuzi tu. Nimefundisha kupiga mbizi kwenye maji ya baridi miaka mingi na hiki kitu kinanigusa sana, maana nimeona watu wazuri kabisa wakiacha baada ya daivu tatu nne wakidhani tatizo ni wao, kumbe tatizo lilikuwa suti.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada niliyemaliza kozi ya kwanza ya kudaivu miezi miwili iliyopita. Kozi tulifanyia kwenye maji ya joto sikuona shida yoyote. Sasa nimeanza kudaivu ziwani, maji nyuzi 13, nimekodi suti ya mpira yenye unene wa milimita 5. Dakika ya 12 tu natetemeka, paji la uso linauma kama limepigwa, vidole sivisikii, na hewa yangu inaisha kabla ya wote. Mwenzangu ananiambia nijikaze mwili utazoea. Ni kweli, au mimi huu mchezo sio wangu?

JIBU: Marahaba dadangu. Mchezo ni wako kabisa, na nashukuru umeandika kabla hujakata tamaa.

Nianze na huyo mwenzio anayekwambia ujikaze. Kwa upendo kabisa, naomba asikwambie tena. Kujikaza kisabuni kunasaidia kwenye mambo mengine, kwenye maji hapana, kwa sababu joto la mwili unaingia nalo kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, ukishazama hakuna bomba la kukujazia, kazi yako yote huko chini ni kuziba matundu ili ndoo ichelewe kuisha. Maji yanavuta joto mwilini takriban mara 25 zaidi ya hewa, ndo maana nje kukiwa nyuzi 13 unavaa sweta unapiga stori saa nzima, ila kwenye maji ya nyuzi hizohizo dakika 12 tu umeshaanza kutetemeka. Mwili wako uko nyuzi 37, ukishuka chini ya 35 hiyo tayari ni haipothemia, yaani ni nyuzi 2 tu zinazokutenganisha na hatari, na mikono na akili vinaanza kugoma mapema kabla hata hujafika huko.

Sasa suti. Watu wengi wamefundishwa kwamba suti inakupa joto kwa sababu inashika maji kidogo kati yake na ngozi, yale maji yanapata moto basi yanakuwa kama blanketi. Sio hivo. Kinachokukinga ni vipovu vidogovidogo vya gesi vilivyomo ndani ya mpira wenyewe wa neoprini. Mwanafizikia mmoja wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Hugh Bradner, mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliona kwamba mtu halazimiki kuwa mkavu ndo awe na joto, ilimradi hivo vipovu viwepo kwenye kile alichovaa, na suti tunazovaa leo zimetokana na wazo hilo. Yale maji yaliyoingia ndani ni mzigo tu, umeshatumia joto lako kuyapasha, na shida kubwa inakuja pale yanapotoka yakaingia mengine ya baridi, unayapasha tena, yanatoka tena. Suti ya kukodi isiyokukaa ndo inakufanyia hivo, unakuwa unapasha joto ziwa zima.

Kwaio ukienda kukodi tena usianze na kuuliza milimita. Ivae, funga zipu, alafu inama, chuchumaa, nyoosha mikono juu. Peleka mkono nyuma ya kiuno pale mgongo unapoingia ndani, ukiweza kuivuta ikafanya mfuko, ujue hapo kila ukipiga mguu maji yatakuwa yanaingia na kutoka kama pampu. Angalia makwapani, angalia shingoni, angalia kati ya miguu. Inatakiwa kuivaa iwe kazi lakini ukishaivaa uvute pumzi ndefu bila kupigana nayo, na shingoni isibane mpaka uone kizunguzungu, maana mishipa ya shingo ikikandamizwa mapigo ya moyo yanaweza kushuka ukaona giza. Alafu iminye kwa vidole viwili. Mpya inarudi kama sponji. Iliyochoka unaiminya inabaki bapa, imeandikwa 5 kwenye lebo lakini vipovu vyake vimeshakufa zamani, na suti za kukodi nyingi ziko hivo kwa sababu zimeshuka chini na kupanda mara mamia. Mimi naamini kabisa nusu ya shida yako iko hapo.

Nusu nyingine ni kina. Hiki kitu wanaoanza hawaambiwi vya kutosha: ukifika mita 10 mgandamizo umeshakuwa mara mbili ya juu, gesi iliyofungiwa inabanwa kuelekea nusu yake, ukifika mita 20 ni mara tatu, na vile vipovu vya suti ni gesi pia, vinabanwa hivohivo. Ile milimita 5 uliyovaa ufukweni sio milimita 5 huko chini. Na ziwani kuna jambo la juu yake, maji yanajipanga kwa tabaka, unashuka vizuri tu alafu ghafla kama umepita mlango wa friji, unaweza hata kunyoosha mkono ukasikia vidole viko kwenye baridi na kiwiko bado kiko kwenye nafuu. Kwenye maziwa yenye kina ya nchi za baridi huko chini kabisa maji yanaweza kukaa karibu na nyuzi 4, kwa sababu nyuzi 4 ndo joto ambalo maji yasiyo na chumvi yanakuwa mazito zaidi kwaio yanazama. Nyuzi 13 uliyoisoma inawezekana ilikuwa ya juu. Kwa sasa kaa juu ya hilo tabaka, mita 6 mpaka 10, samaki na mwanga viko hukohuko, hakuna aliyekutuma chini.

Maumivu ya paji la uso ni kwa sababu huvai kofia, sikuona umeitaja. Ile habari kwamba nusu ya joto linatokea kichwani sio kweli, kichwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ngozi yote na kinapoteza karibu kiasi hichohicho, lakini sasa umefunika mwili wote ukaacha hicho, unategemea nini? Na ngozi ya kichwa haibani mishipa yake kama vidole vinavyofanya, damu inaendelea kupita hapo na joto linaendelea kutoka. Kofia ya neoprini inayoingia ndani ya kola ya suti inafanya kazi mbili, inafunika kichwa na inaziba mlango wa shingoni.

Kwa nyuzi 13 mimi simwingizi mwanafunzi mpya na milimita 5 peke yake. Namvalisha 7 mwili mzima, kofia, glovu na buti, au kama 7 haipatikani basi fulana ya neoprini yenye kofia inaingia ndani ya ile 5, na hiyo fulana inakuweka safu mbili kifuani ambapo ndo moyo ulipo. Kuna atakayekwambia umezidisha. Mwache, kila mwili na baridi yake, mwembamba anapoa haraka kuliko mnene, aliyelala vizuri akala anavumilia kuliko aliyekuja na njaa na usingizi.

Ukiongeza neoprini lakini kumbuka unaongeza kuelea, kwaio risasi za mkandani, yaani vile vipande vizito vya kukuzamisha, lazima ziongezwe, na usikisie. Piga hesabu ya mwisho wa daivu sio mwanzo, maana hewa nayo ina uzito, mtungi wa lita 12 uliojaa bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo) umebeba karibu kilo 3 za hewa, ukiishaitumia mtungi umekuwa mwepesi na suti imevimba tena kwa sababu umepanda. Jaribu ukiwa na bar 50 hivi kwenye mita 5, uone unaweza kutulia pale bila kupigana.

Kuhusu hewa kuisha haraka, hapo wala usijilaumu. Mwili unaotetemeka unachoma nguvu nyingi na kuhitaji oksijeni nyingi. Alafu kuna ile mshtuko wa kwanza, maji ya baridi yakigusa ngozi unahema juujuu bila hiari yako, hiyo inakaa dakika moja mpaka tatu alafu inatulia. Wanachofanya wanaoanza wengi, na nadhani na wewe, ni kuruka na kushuka palepale wakati kifua bado kinapanda na kushuka. Usishuke. Elea, jaketi la kuelea limejaa hewa, weka uso ndani ya maji na regyuleta, yaani kile kifaa cha kuvutia hewa, mdomoni, hesabu pumzi mpaka ziwe ndefu zenyewe. Wenzio watasubiri, na kama hawawezi kusubiri dakika 3 tafuta wenzio wengine.

Na kabla ya hapo, usifike kwenye maji ukiwa tayari umepoa. Naona watu wanavaa suti nusu, wanasimama kwenye upepo wakisikiliza maelekezo dakika 20, wanapoingia ndoo yao imeshapungua robo. Vaa jaketi la kuzuia upepo juu ya suti na kofia ya kawaida kichwani mpaka dakika ya mwisho. Mimi natembea na themosi ya maji ya moto ya kawaida, sio ya kuchemka, ukiyapima kwa kiwiko yawe kama ya kuogea, nayamimina taratibu kwenye kola ya mwanafunzi na ndani ya glovu zake kabla hajaingia. Unaona mtu anafumba macho mabega yanashuka. Yale maji yanachukua nafasi ambayo maji ya baridi yangeichukua, na mtu anaanza daivu akiwa ametulia.

Sasa la muhimu kuliko yote, utajuaje wakati wa kutoka. Kila dakika 5 hivi gusanisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono huohuo. Ukishindwa au ukaona kinaenda kwa tabu, daivu imeisha. Ukianza kutetemeka, daivu imeisha. Ishara yake ni kujikumbatia na kusugua mikono ya juu, mkubaliane kabla kwamba mmoja akiitoa hakuna majadiliano. Nilikuwa na mwanafunzi kijana mmoja, kila nikimuuliza ananipa alama ya sawa, mwishoni nikaangalia ile alama vizuri nikaona gumba na shahada havikutani, vimeacha uwazi. Tulipotoka alishindwa kufungua klipu ya jaketi lake mwenyewe, alikuwa anaigonga kwa ngumi kama mtoto. Sasa fikiria angehitaji kutupa mkanda wa risasi na vidole vile. Toka siku ile siangalii tu kama alama imetolewa, naangalia imetolewaje.

Na usiseme dakika 5 tena alafu natoka, kwa sababu baada ya kuamua kutoka bado kuna kupanda taratibu, bado kuna dakika 3 za kusimama mita 5, bado kuna kuogelea na kupanda ngazi na mtungi mgongoni, hizo zote zinakula joto. Baridi ya mwisho ndo mbaya zaidi kwa upande wa naitrojeni pia, ile gesi ya hewa tunayovuta inayoyeyuka mwilini ukiwa chini: Jeshi la Majini la Marekani lilitoa utafiti mwaka 2007 ulioonyesha kwamba wapiga mbizi waliokuwa na joto chini alafu wakapoa wakati wa kupanda walipata zaidi ugonjwa wa vipovu vya damu, yaani naitrojeni kufanya vipovu mwilini ukipanda, kwa sababu mishipa ikibana naitrojeni inachelewa kutoka. Iweke kompyuta yako ya kudaivu, ile inayokuhesabia kina na muda, kwenye mpangilio wa tahadhari zaidi ukiwa kwenye baridi.

SWALI: Mwalimu, samahani kwa swali hili. Kila nikidaivu maji ya baridi lazima nikojoe ndani ya suti. Wenzangu wanasema ni vizuri inaongeza joto. Mimi nimeamua nisinywe maji kabisa asubuhi ya daivu. Nimekosea?

JIBU: Usiombe samahani kaka, hakuna asiyepitia hilo. Ukiingia kwenye maji mgandamizo unasukuma damu kutoka miguuni na mikononi kwenda kifuani, baridi nayo inabana mishipa ya ngozi damu inarudi ndani, mwili unadhani una maji mengi kupita kiasi na figo zinaanza kazi. Joto la huo mkojo unalisikia dakika moja tu, alafu ni maji ya uvuguvugu yanayotafuta pa kutokea kama mengine.

Ila kuacha kunywa maji ndo kosa lenyewe, acha mara moja. Unapoteza maji kwa mkojo, unapoteza kwa kuhema hewa kavu ya mtungi, ukianza umekauka hatari ya vipovu vya damu inapanda. Kunywa kawaida toka usiku wake, kidogo kidogo, wala usijaze tumbo dakika za mwisho. Suti utaisuuza.

Na kwa kuwa kuna wawili wameniuliza kuhusu pombe kidogo ya kuchangamsha damu: hapana. Inafungua mishipa ya ngozi, unasikia joto usoni wakati joto la ndani linatoka nje, na akili inapungua pale unapoihitaji.

SWALI: Nataka niachane na suti ya maji moja kwa moja ninunue draisuti, ile suti isiyoingiza maji kabisa. Nimedaivu mara 9. Kuna ubaya?

JIBU: Hakuna ubaya na kwa maji ya chini ya nyuzi 10 mimi nakuunga mkono. Watu wanadaivu na draisuti kwenye ule mpasuko wa Silfra kule Iceland ambako maji yako nyuzi 2 mpaka 4 mwaka mzima, na wanatoka wakicheka. Lakini usiinunue Ijumaa ukaivaa peke yako Jumamosi. Ile ni suti yenye hewa ndani, na hiyo hewa inatembea. Ukishuka inabanwa, suti inakufinya mpaka inaacha alama kwenye ngozi kama hukuongeza hewa, ukipanda inavimba, na kama hujaitoa kwa wakati inakuvuta juu kwa kasi. Ukiinamisha kichwa, hewa yote inakimbilia miguuni, unajikuta umening'inia kichwa chini miguu juu kama puto na valvu ya kutolea hewa iko mkononi, haiko miguuni, haifanyi kazi hapo. Mwenye uzoefu anajikunja anajipindua, ambaye hajafundishwa anapaa. Chukua kozi yake, fanya daivu za kwanza kwenye mita 5 na 6 na mwalimu yuko pembeni yako, na zirudie mpaka kujipindua kuwe ni tabia.

Alafu kumbuka draisuti nyembamba yenyewe haina joto, inazuia maji tu. Joto linatokana na nguo za ndani na hewa iliyokaa kwenye nguo hizo. Sufu au zile nguo za manyoya ya sintetiki, sio pamba, pamba ikishika jasho inabaki na unyevu na inakupoza kutwa nzima. Ndo maana usivae mapema ukabeba mitungi juani, utaingia umeshalowa kwa ndani.

SWALI: Juzi maji yakiwa nyuzi 6 regyuleta ya mwenzangu ilianza kumwaga hewa yenyewe, haikuzimika mpaka tukatoka. Ilikuwa mbovu?

JIBU: Poleni sana, na hongereni kwa kutoka pamoja. Inawezekana haikuwa mbovu kabisa. Hewa inapotoka kwenye mtungi wenye bar 200 kwenda kwenye bomba lenye kama bar 10 tu juu ya mgandamizo wa maji, inapanuka kwa nguvu na hewa inayopanuka hivo inapoa sana, kama vile ukibonyeza kopo la spree linavyoganda mkononi. Maji ya karibu na hapo yakiwa tayari baridi, barafu inaweza kujitengeneza kwenye valvu, inakwama ikiwa wazi, na hewa inapita kwa kasi zaidi, inapoza zaidi, haijizimi. Kwa viwango vya Ulaya maji ya chini ya nyuzi 10 yanahesabika ni ya baridi na regyuleta inatakiwa iwe imepimwa kwa hayo, kwaio kabla ya kununua au kukodi uliza swali hilo moja.

Tabia zenu pia zinahusika. Msihemee regyuleta mkiwa nje kwenye baridi kali, unyevu wa pumzi unaganda ndani yake, subirini mpaka iwe chini ya maji. Msibonyeze kile kitufe cha kutoa hewa kujaribu tu. Ukijaza hewa kwenye jaketi jaza kidogo kidogo, na usifanye hivo wakati huohuo unavuta pumzi. Na usihangaike huko chini mpaka uheme kama umekimbia, kila pumzi ya haraka inaongeza baridi kwenye hiyo valvu.

Ikianza kumwaga usizibe mdomo kwa nguvu, legeza midomo hewa ya ziada ipite pembeni na wewe unywe unayoihitaji, mwenzio akupe regyuleta yake ya akiba na mpande palepale kwa utaratibu. Mtungi unaweza kuisha kwa dakika chache sana. Mkafanye mazoezi haya kwenye maji ya joto mkiwa mmetulia, na mfanye na glovu mkononi, maana kushika vitu na glovu nene ni kazi nyingine kabisa.

SWALI: Nikitoka kwenye maji naweza kuoga maji ya moto palepale? Na kwa nini natetemeka zaidi nikishatoka kuliko nilipokuwa ndani?

JIBU: Subiri kwanza. Ngozi ikipashwa ghafla baada ya daivu, naitrojeni iliyoyeyuka hapo haikai vizuri kwenye joto na inaweza kufanya vipovu kabla damu haijaibeba, kwaio wanaohusika na tiba ya mbizi wanashauri ujipashe taratibu kwanza. Vua suti yote, usibaki nayo nusu kiunoni, kausha, vaa nguo kavu na kofia, kaa pasipo na upepo, kunywa kitu cha moto chenye sukari.

Ile ya kutetemeka zaidi ukishatoka ni kweli ipo, damu iliyokuwa imejificha ndani inaanza kurudi kwenye mikono na miguu iliyopoa na inarudi moyoni ikiwa baridi, na suti ilowayo kwenye upepo inakupoza kama mtungi wa maji unavyopoa kivulini. Usidanganyike ukishaacha kutetemeka ukadhani uko tayari kwa daivu ya pili. Ngozi inapata moto mapema, ndani bado. Kwenye maji ya baridi mimi naona daivu moja nzuri kwa siku inatosha kwa anayeanza, na ukifanya ya pili iwe fupi na isiyo na kina kama ya kwanza.

Jambo moja hapa siwezi kuliacha: ukitoka au hata ukiwa ndani ukakosa pumzi bila kuwa umefanya kazi, unakohoa, unasikia kifua kinachemka au unatema povu lenye rangi ya waridi, hiyo sio baridi ya kawaida, ni maji ya mwili wako mwenyewe kuvujia kwenye mapafu kutokana na mgandamizo na baridi, toka kwenye maji upewe oksijeni na uende hospitali siku hiyohiyo hata kama umepata nafuu.

SWALI: Mwanangu ana miaka 12, amemaliza kozi ya watoto. Mimi natetemeka, yeye anasema hasikii baridi kabisa na anataka tukae zaidi. Nimwamini?

JIBU: Usimwamini mzazi mwenzangu, na sio kwamba anadanganya. Anafurahi, na furaha inaficha. Mtoto ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake kwaio anapoa haraka kuliko wewe, wewe ukiwa umeanza kutetemeka yeye ameshapoteza zaidi. Muda upange wewe kabla hamjaingia, uwe mfupi, na chini ya maji mwangalie midomo na umpe ule mtihani wa gumba na kidole kidogo kila baada ya dakika chache. Suti ya mtoto isiwe ya kukulia, iwe yake ya sasa, ikipwaya ni sawa na hana.

Na ukimwona alikuwa anatetemeka alafu ghafla ametulia, anajibu polepole, amelegea, usifurahi kwamba amezoea. Mtoe hapohapo, mlaze, mvue vyote vilivyolowa, mkaushe kwa kumgandamiza taulo bila kumsugua mikono na miguu, mfunike mpaka kichwani, mkumbatie, na mpigie simu daktari wakati bado umemshika.